Betri Nne na Kitanda cha Mama Mkwe

Ukifika Timbwani, hapa Likoni, leo ukamuulizia Karisa, fundi wa mafriji, watu watakutazama tu, lakini muulizie "Chini ya Kitanda" na hata mtoto wa chekechea atakushika mkono akulete mpaka mlangoni kwangu. Ndilo jina langu siku hizi. Nimelizoea, sina la kufanya, na kwa kuwa kila mtu anakisimulia kisa hiki apendavyo (kuna mmoja hapo sokoni anasema nilitumbukia baharini, mwingine anasema nililia mbele ya watu), naona bora nikieleze mwenyewe na aibu yake yote, ili mkicheka mcheke mkiwa na ukweli. Kulia nililia, lakini si pale wanapodai wao.

Mambo yalianza na karavani. Kulikuwa na mzungu mmoja wa Diani niliyemtengenezea friji miaka mingi, na aliporudi kwao moja kwa moja akaniachia karavani yake, nyumba ndogo nyeupe ya magurudumu mawili, ndani ina kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi, sinki na dirisha lenye pazia lake. Siku niliyoivuta mpaka nyumbani kwa pikapu ya kuazima nilikaa ndani peke yangu saa nzima nikifungua vikabati na kuvifunga. Nyumba nzima, jamani, inafuata gari! Mimi nimezaliwa Rabai katika nyumba ya udongo, na nyumba yetu ikihama basi ujue ni mvua imeihamisha. Sikuamini kwamba kitu kama kile kingekuwa changu, na sikujua nikifanyie nini.

Aliyenipa jibu ni mama mkwe, ingawa hakujua. Huyu ni mamake Kadzo, mke wangu, na alikuwa amekuja kukaa nasi kwa ajili ya matibabu kwa sababu mapafu yake yamechoka. Hospitali walimpa mashine ya oksijeni, ile ya kuchomeka ukutani, na daktari akasema waziwazi kwamba usiku asijaribu kulala bila hiyo. Mchana anamudu saa chache kwa mtungi mdogo wa kubeba. Sasa, kwao yeye ni ndani huko, mbele ya Bamba, mahali ambapo stima haijafika, na huko yuko dada yake mkubwa, Sidi, ambaye haoni tena na hawezi safari. Kila jioni wanaongea kwa simu. Jioni moja nilikuwa uani nikikaza nati za friji ya mtu, nikamsikia mama mkwe akimwambia, "Dada, nataka nije nilale kwetu japo siku moja, lakini hii mashine yangu inataka waya, na huko waya hakuna."

Niliiweka spana chini. Nikaitazama karavani, nikaitazama simu ile, na nikaona kazi yangu.

Karavani ilikuwa na betri moja kuukuu ya maji, imekaa mbele kwenye ule mkono wa chuma unaoshikana na gari, na uwezo wake ulikuwa kuwasha taa mbili mpaka saa tatu hivi za usiku. Kuendesha mashine ya oksijeni usiku kucha ilikuwa ndoto. Nikaenda Changamwe kwenye duka la vifaa vya sola, na dada muuzaji akanionyesha betri za lithiamu. Akaniambia nibebe moja. Nikajipanga, miguu mbali mbali, mgongo umenyooka, nikaivuta kwa nguvu zote nilizozoea kubebea betri za maji, na nusura nijitwange kidevu, maana ilikuja juu bila ubishi. Nikaishika kwa mkono mmoja nikiigeuza geuza. Dada akacheka. Nikamuuliza, "Na hii ina moto wa umeme kuliko ile yangu?" Akasema, "Ina moto kuliko zile zako mbili, kaka." Wallahi nilibaki mdomo wazi, na mimi ni Mkristo, lakini kuna mambo yakikukuta Mombasa hilo ndilo neno linalotoka.

Nikachukua nne, pamoja na inveta, ile ya kugeuza moto wa betri uwe kama umeme wa ukutani, na paneli za kuweka juu ya paa. Wakati nafunga mzigo, yule dada akaniambia jambo moja, na ninamkumbuka mpaka kidole alichokuwa akiniinulia: "Hizi hazitoi gesi wala hazimwagiki. Ziweke ndani, chini ya kitanda, karibu na magurudumu. Hapo ndipo mahali pake." Nikamwitikia, "Sawa dada," nikaondoka.

Chini ya kitanda. Kitanda cha nani? Cha mama mkwe!

Sijui nyinyi kwenu, lakini sisi watu wa vijiji vya ndani huku pwani, mkwe ana mipaka yake. Mama mkwe humkaribii ovyo. Chumba chake cha kulala huingii, kitanda chake hukigusi, na akiwa amejinyoosha wewe unapita mbali, tena umeinamisha macho. Na betri zinataka kukaguliwa, waya zinataka kukazwa, hasa baada ya safari ya barabara mbovu. Nikajiona nimepiga magoti, kichwa kimeingia uvunguni, na juu yangu amelala mzazi wa mke wangu. Nikasema hapana, hilo halitakuwa.

Basi (na hapa ndipo nilipojichimbia shimo, mnisikilize vizuri) nikaamua betri zikae nje. Juu ya ule mkono wa mbele kulikuwa na mtungi wa gesi, nafasi hakuna, kwa hiyo nikachomelea kreti ya vyuma vya pembe na kuitundika chini ya mkono, ikining'inia kwa bolti nne. Betri zote nne zikaingia humo vizuri kabisa, nikazifunga kwa mkanda, nikapitisha waya ndani, nikapaka rangi ya fedha. Ilikuwa kazi safi, ya kupiga picha. Nikapima kutoka chini ya kreti mpaka ardhini, shibiri moja na vidole vinne. Nikaona inatosha.

Kadzo akaja akasimama. "Si ulisema yule dada alikwambia chini ya kitanda?"

"Kitanda cha nani?"

"Cha mama."

"Haya, umejijibu."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Basi, wewe ndiye fundi," akasema, na akaenda zake.

Usiku wa kwanza wa majaribio mama mkwe alilala ndani ya karavani hapo hapo uani. Nilikata waya wa nyumbani nikawaonyesha majirani kabisa kwamba hakuna udanganyifu. Taa zikawaka, mashine ikaanza kuguruma taratibu, na ikaguruma hivyo mpaka asubuhi. Yule mama alipotoka, nikamwamkia kwa mbali, "Shikamoo mama." Akaniitikia, "Marahaba baba," kisha akaongeza, "Nimelala Timbwani, lakini usiku kucha nimeota niko kwetu." Nilijiona mkubwa, sitaki kuwadanganya. Mtu akijiona mkubwa kiasi kile huwa hayuko mbali na kuanguka.

Siku ya safari ilikuwa Jumamosi. Kutoka Likoni kwenda Bamba mtu mwenye akili anazunguka kwa Dongo Kundu anatokea Mariakani, barabara nzuri, hakuna kivuko. Lakini Dongo Kundu nani angeniona? Nilitaka watu wa Likoni wanione nikivuka feri na nyumba nyuma yangu. Nikamwambia Kadzo eti kule kuna upepo mkali utayumbisha karavani. Kadzo akataka tubebe mitungi miwili ya oksijeni, mimi nikasema mmoja tosha, kwani betri tumezinunua za nini? Nikavaa shati jeupe na suruali yangu ya kaki ya kanisani. Mama mkwe akakaa kiti cha nyuma cha ile pikapu ya kuazima na mtungi wake miguuni, ana leso mpya, na kwenye mapaja kashika kifurushi cha tambuu ya dada yake.

Foleni ya feri ilikuwa ndefu siku hiyo, na jua limepanda. Nilipofika mbele ndipo nikaona maji. Yalikuwa ya bamvua, yamekupwa mpaka mawe ambayo huwa hatuyaoni yalikuwa nje yanang'aa, na ule mteremko wa saruji wa kushukia ulikuwa umebaki mrefu na mkali. Miaka ishirini navuka hapo. Kupwa na kujaa kwake nakujua kama saa ya kula. Lakini miaka yote hiyo nimevuka kwa miguu yangu, na miguu haijali mteremko! Kreti niliipima uani kwangu, kwenye sakafu sawa.

Tukashuka. Magurudumu ya mbele ya pikapu yakapanda ule ulimi wa chuma ambao feri huutandaza kwenye saruji, pua ya gari ikainuka, mkia ukazama, na mkia ulipozama ukazama na mkono wa karavani. Nikasikia krrraaa, sauti ambayo mpaka leo inanisisimua meno, halafu gari likasimama kabisa. Nikakanyaga mafuta. Halikwenda. Kreti yangu ya rangi ya fedha ilikuwa imenasa kwenye ukingo wa ulimi wa feri, nusu nyumba iko Likoni, nusu gari liko melini, na nyuma yangu malori yanapiga honi.

Feri haiwezi kuondoka na kitu mdomoni. Abiria wa miguu walikuwa wamejaa, mamia kwa mamia, na wote wakageuka.

Akaja mama mmoja wa zamu, mnene, ana filimbi shingoni. Akainama, akachungulia, akainuka polepole. "Ewe baba, umetundika nini huku chini?"

"Ni betri."

"Betri! Na nyumba yote hiyo, hukupata pa kuweka ila hapa?"

Nikashuka kuangalia. Bolti tatu zilikuwa zimekatika, kreti inaning'inia kwa moja, mkanda umepasuka, na betri zimeegemea ukingo, huku wimbi dogo likija, linalamba saruji chini yake, linarudi. Kila lilipokuja lilikuja mbele kidogo. Maji yalikuwa yameanza kujaa. Niliyatazama nikaingiwa na hofu ya kweli, maana yale hayakuwa na haraka wala hasira, yanapanda tu, na hakuna filimbi ya kuyasimamisha. Maji ya chumvi yakizifikia betri zile, mama mkwe hatalala kwao.

Nikalala kifudifudi na shati langu jeupe nikaingia chini. Nikaanza kuchomoa waya, na nilipojisogeza kufikia betri ya mwisho ile bolti iliyobaki ikanishika suruali nyuma. Nikasikia mchaniko mrefu, na upepo wa bahari ukaingia mahali ambapo hauna desturi ya kuingia. Feri nzima ikapiga kelele. Mtu mmoja wa sitaha ya juu, wa Nairobi bila shaka, akapaza sauti kama refa, "Buda, hiyo ni offside!" Kadzo, Mungu ambariki, akateremka mbio akanirushia leso.

Lakini hebu niwaambie. Nilipotoa mkono nje na betri ya kwanza sikuona ni nani, nikasikia tu, "Lete, lete hapa." Betri ikaenda. Nikatoa ya pili, ikaenda. Nilipotoka na leso kiunoni nikaona watu wamejipanga mstari kutoka majini mpaka mlango wa karavani, mchuuzi wa mihogo, mzee wa kanzu, wasichana wa kiwandani wenye aproni, wanapokezana betri zangu juu ya maji kwa uangalifu kama wanapokezana mtoto wa kubatizwa. Hakuna aliyewaambia. Kisha wanaume wakajaa kwenye mkia wa pikapu na mkono wa karavani, hata sikuweza kuwahesabu, mama wa zamu akapiga filimbi, mtu akaanza "Haraaambee!" na wakajibu "Hee!" na nyumba yangu ikainuka. Iliinuka, jamani, kwa mikono! Kadzo alikuwa kwenye usukani, akasogeza, na tukawa ndani ya feri. Bolti ya mwisho ikakatika, kreti ikabaki kwenye saruji ikisubiri maji.

Ningemalizia hapo ningekuwa na jina jingine leo. Lakini feri ilipong'oa nanga, Kadzo aliniita, na sauti yake haikuwa ya kawaida. Mshale wa mtungi wa mama ulikuwa umeshuka kwenye nyekundu. Ile foleni, ule mkwamo, na ule mtungi wa pili niliouacha nyumbani! Midomo ya mama mkwe ilikuwa imeanza kupauka, na mabega yanapanda na kushuka kwa kila pumzi. Wanawake wawili wakasaidiana na Kadzo wakamwingiza kwenye karavani, wakamlaza kitandani, wakamvisha mpira wa mashine puani. Mashine ilikuwa tayari. Betri zilikuwa tayari, zimewekwa sakafuni. Waya za kuziunganisha, zile za inveta niliyoifunga ukutani kabla mama hajakitumia kitanda, zilikuwa zinapita chini ya kitanda, zimetokeza kule ndani kabisa ukutani.

Nikasimama mlangoni.

Mama wa zamu akanisukuma bega. "Ingia basi! Wangoja nini?"

"Ni mama mkwe wangu," nikasema.

Na hapo lilitokea jambo ambalo nikilikumbuka bado nywele zinanisimama. Feri nzima ilielewa. Wale waliosikia wakawaambia wa nyuma, "Ni mkwewe," na wa nyuma wakawaambia wa juu, na kicheko chote kikafa. Bibi mmoja wa buibui akatikisa kichwa, "Hilo zito, mwanangu, wallahi ni zito." Yule wa Nairobi akauliza, "Kwani shida iko wapi?" na watu kumi wakamnyamazisha kwa pamoja.

Kutoka ndani nikasikia, "Karisa."

"Labeka mama."

"Huo mwiko..." akavuta pumzi, "...ni wa watu wawili." Akavuta tena. "Mimi na wewe. Mimi nimeuondoa. Ingia."

Yule bibi wa buibui akageuka akawapa watu mgongo, akautandaza mtandio wake mlangoni. Mwingine akafungua leso yake akaishika upande wa pili, mwingine akaongeza, mpaka mlango ukawa na pazia la wanawake waliotazama baharini. Wanaume nao wakageuka. Wale waliokuwa wakipiga video wakashusha simu, wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyenibatiza.

Nikapiga magoti, nikiwa na leso ya mke wangu kiunoni na suruali iliyochanika ndani yake, nikaingiza kichwa chini ya kitanda cha mama mkwe. Nikatambaa. Juu yangu ubao ulikuwa ukilia kidogo kila anapovuta pumzi, na kati ya pumzi na pumzi palikuwa na nafasi ndefu mno. Niliamua kufunga betri moja tu kwanza, niliyoisukuma mbele yangu. Nyekundu kwa nyekundu. Spana ikaniponyoka, nikaipapasa. Nyeusi kwa nyeusi. Nikabonyeza swichi ya inveta.

Mashine ikaguruma.

Sikutoka mara moja. Nilibaki pale nikisikiliza, na polepole nafasi zile zikawa fupi, ubao ukatulia, na nikasikia kicheko chembamba kikisema, "Haya, fundi, umelala huko?" Ni hapo ndipo nililia. Uvunguni, nimekula vumbi, hakuna aliyeniona, na anayesema nililia mbele ya watu ni mwongo. Nilizifunga na zile tatu zilizobaki, na nilipotoka tulikuwa tumefika ng'ambo, na mama wa zamu alizuia magari yote mengine mpaka sisi tukashuka wa kwanza, taratibu, bila chochote cha kuning'inia.

Nimeapa mambo mawili tangu siku ile, kwamba sitapima kitu kwenye sakafu sawa nikakiamini kwenye mteremko, na kwamba nikiambiwa na muuza duka mahali pa kuweka kitu nitakiweka hapo hapo, awe amelala nani juu yake.

Tulifika mbele ya Bamba jua likiwa bado juu. Sidi alikuwa amekaa mlangoni tangu asubuhi, na aliposikia hatua alizijua, akainuka kabla hajaambiwa. Walivyoshikana sitaeleza. Usiku ule hawakutaka kutengana, wakalala wote wawili kwenye kile kitanda cha karavani, mashine inaguruma, na katika boma lote hapakuwa na taa nyingine.

Asubuhi ikanibidi nikazikague nati baada ya barabara ile. Nikapiga hodi, nikakaribishwa, nikainamisha macho, nikapiga magoti, nikaingia. Sidi, aliyekaa ukingoni mwa kitanda, akatega sikio.

"Ni nani huyo anayetambaa?"

"Ni mkwe wangu," mama mkwe akamjibu.

"Mkwe? Chini ya kitanda?"

"Mpishe apite, dada. Ndiye aliyenileta kwako."

Sidi akafikiri kidogo, kisha, polepole na kwa adabu zote za mkwe na mkwe, akainua miguu yake juu ya kitanda ili nisiiguse.